Ubao wa Pili

SEHEMU YA TISA

Mlango wa stoo ulisukumwa bila hodi.

Yunia hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, bisibisi mkononi, na mbele yake juu ya blanketi ililala picha namba thelathini na moja, kifudifudi. Ubao wa nyuma alikuwa ameshaung'oa. Upande wa ndani wa ubao huo, mahali ambapo hapakustahili kuwa na kitu ila vumbi, palikuwa na picha nyingine. Na katika picha hiyo nyingine, uso wa baba yake.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, shika haya machache kisha tukimbie pamoja. Mzee Kipkemoi, dereva wa trekta katika kiwanda cha chai ambacho sasa kimefungwa, alichora picha thelathini na nane juu ya plaiwudi za makasha ya zamani ya kusafirishia chai. Alipofariki, mjane wake Rodah akazitoa zote zawadi kwa makumbusho ya chuo kikuu kimoja Nairobi. Chuo kikamtuma Yunia, fundi wa kutunza picha, aje huku Kapkatet azisafishe, aziandike na kuzifunga. Lori linakuja leo.

"Chamgei, binti yangu. Umefika namba ngapi?"

Alikuwa Robert, mdogo wa marehemu Kipkemoi, akisalimu kwa Kikalenjin. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya zawadi hii, na zamani meneja wa kiwanda kile kile. Mtu asiyepandisha sauti kamwe.

Yunia alivuta karatasi laini ya kufungia, akaufunika ubao.

"Thelathini na moja, mzee. Zimebaki saba."

"Na hiyo mbona umeifungua mgongo?"

"Ubao wa nyuma ulikuwa umepasuka. Nikiuacha hivyo, barabara itaumaliza."

"Hebu nione."

"Nimetoka kupaka gundi. Ukiugusa sasa utaharibika."

Robert alitazama kopo la gundi. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, na juu yake karatasi ya dukani haijachanika. Akamtazama Yunia.

"Wewe ni Mkisii wa wapi?"

"Nyamira."

"Nyamira ni kubwa. Baba yako anaitwa nani?"

"Mimi sina baba, mzee."

"Kila mtu ana baba," Robert alisema taratibu. "Hata kama hajui aliko."

Akatoka, akaurudisha mlango polepole mpaka ukabana. Yunia alisikiliza viatu vyake. Hatua mbili kwenye veranda. Kisha kimya. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama pale pale, upande wa pili wa mbao.

Dakika moja. Mbili. Ndipo viatu vikashuka ngazi.

Yunia aliondoa karatasi.

Mzee Kipkemoi alichora kama mtu anayetoa ushahidi. Chumba cha boila, mlango wazi, mvuke mweupe ukitoka. Trela ya trekta nje. Watu wawili wamembeba wa tatu. Yule anayebebwa ana shati lililoungua likashikana na ngozi, lakini uso wake mzee aliuacha safi, kila kitu mahali pake: paji pana, sikio la kushoto lililokatika ncha. Yunia aliujua uso huo kutoka kwa picha moja tu, ile ambayo mama yake, Phelis, alikuwa anaificha ndani ya Biblia.

Aliyeshika mabega ni Robert, bado kijana, ana tai shingoni.

Na aliyeshika miguu? Yunia aliinama zaidi. Alikuwa Kipkemoi mwenyewe. Mzee huyu ambaye kwa siku tisa Yunia amekuwa akisafisha picha zake kwa pamba na mate, kwa upendo, akiwaambia watu hakujawahi kuwa na mkono kama huu katika milima yote ya chai, mkono huo huo ndio ulioshika miguu ya baba yake.

Pembeni, kwa herufi ndogo: *Mochama wa boila. 14 Agosti 2003.*

Yunia alikuwa na miaka mitatu mwaka huo. Hadithi aliyolelewa nayo ni fupi. Mochama alifuata mwanamke Migori. Akatoka zamu ya usiku kiwandani na hakurudi nyumbani. Basi. Ukimuuliza mama zaidi ya hapo, anasimama anakwenda kuteka maji hata kama mitungi imejaa.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua, na mchana ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayakuonekana tena. Mtu akija kutoka upande ule usingemwona mpaka awe mbele yako.

Na mtu alikuja.

"Mwanangu, kasha la nne liko tayari," alisema Ogoti, akiingia na kifuniko begani. Ogoti alikuwa seremala wa kutoka Sotik, zamani fundi wa kiwanda kile, Mkisii mwenzake, mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Ndiye aliyetengeneza makasha yote matano. Kwa siku tisa amekuwa akimletea Yunia ndizi na kumwita mwanangu.

Yunia hakufikiri mara mbili. "Tata," alisema, yaani baba kwa Kikisii, "funga mlango. Njoo uone hii kitu."

Ogoti aliona. Kifuniko kilimteleza begani kikagonga sakafu.

"Funika," alisema.

"Ulikuwa unamjua?"

"Funika hiyo kitu, Yunia."

"Wewe ulikuwa fundi pale kiwandani. Ulikuwa unamjua?"

Ogoti alikaa juu ya kasha. "Boila ilikuwa mbovu. Mkaguzi alisema izimwe. Meneja akasema msimu wa majani mengi hauwezi kungoja boila. Hiyo siku ikalipuka. Asubuhi tukaambiwa Mochama ametoroka." Alipangusa uso. "Tukaambiwa, na tukanyamaza. Mimi pia nilinyamaza."

"Basi leo usinyamaze. Huu ubao unaingia kasha la nne, chini kabisa, chini ya zile picha kubwa. Wewe ndiye utakaza skrubu. Ukifika chuo, wakubwa wataufungua mbele ya watu. Robert hatakuwa na la kusema."

Ogoti aliinuka, akavuta kasha karibu.

"Sawa," alisema.

Waliufunga kwa karatasi laini, wakauzungushia nailoni yenye mapovu ya hewa, wakaulaza chini ya kasha na kuweka picha tatu kubwa juu yake, kila moja na sponji yake. Ogoti akakaza kifuniko. Skrubu kumi na mbili.

"Skrubu zimeisha," alisema. "Naenda kuchukua zingine kwa baiskeli."

Alipotoka tu, mvua ya mawe ilianza.

Anayejua milima hii anajua mvua hiyo. Haikuonyi. Ilipiga mabati mpaka Yunia akawa hasikii hata pumzi yake mwenyewe. Akaendelea na kazi: namba thelathini na mbili, ng'ombe watatu mtoni, thelathini na tatu, akina mama wakichuma chai.

Mawe yalipopungua, aliinua macho. Robert alikuwa amesimama ndani ya chumba. Yunia hakujua ameingia saa ngapi.

Nyuma yake alikuwa Ogoti, amelowa chapachapa, anatazama vidole vya miguu yake.

Robert alilipita kasha la kwanza. Akalipita la pili na la tatu. Akaweka kiganja juu ya la nne.

"Fungua hili."

"Tata?" Yunia alisema.

Ogoti alitoa bisibisi mfukoni. Alijibu kwa Kikisii, chini chini, bila kumtazama. "Nyumba ninayolala iko kwa shamba lake. Mke wangu amezikwa kwa shamba lake. Nifanye nini?"

Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Yunia alisimama mbele ya kasha, na Ogoti akamsogeza kando kwa mkono mmoja, kwa upole, kama anavyosogezwa mtoto anayekaribia moto. Mkono wa pili ukaendelea kufungua.

Robert aliupokea ubao, akauvua nailoni na karatasi, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Aliutazama sana.

"Amechora hata tai yangu," alisema.

Akamgeukia Yunia.

"Na wewe ni wa Mochama." Hakuwa anauliza. "Nilikuona siku ya kwanza nikasema, huyu msichana nimewahi kumwona wapi. Ni hilo paji la uso."

"Mlimfanya nini?"

"Baba yako alifuata mwanamke Migori. Iko kwa ripoti."

"Ripoti ya nani?"

"Niliiandika mimi," Robert alisema, sauti ile ile ya kanisani. Akauweka ubao kwapani kama anayebeba gazeti, akatoka.

Yunia alimfuata mbio. Ua ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua. Mguu uliteleza, akaanguka kifudifudi, akainuka, akaanguka tena. Robert hakukimbia. Alitembea tu mpaka jikoni, nyumba ndogo ya udongo ng'ambo ya ua, mahali Rodah alipokuwa amekaa kwenye kigoda akipuliza moto wa chai.

Yunia alifika mlangoni na kuona yote. Robert aliuinua ubao. Rodah, mjane, bibi mwembamba wa miaka sabini na mitano, alisogeza sufuria yake kando, kama mtu anayempisha mgeni akae.

Ubao ukaingia motoni.

Rangi ya zamani inashika haraka. Moto wa kijani, kisha wa bluu. Chumba cha boila kiliungua mara ya pili. Uso wa Mochama ulivimba, ukafura mapovu, ukaenda.

Yunia alijirusha. Ogoti, aliyekuwa nyuma yake, alimshika kiunoni. Yunia alipiga kelele ambayo haikuwa na maneno. Siku nzima alikuwa na kamera mezani, alikuwa amepiga kila picha mbele na nyuma kama kazi inavyotaka, na huu ubao mmoja hakuwa ameupiga hata mara moja.

"Imeisha?" Rodah aliuliza.

"Imeisha, shemeji," alisema Robert.

"Umechoma moja."

Moto ulilia. Robert aligeuka.

"Umesema nini?"

"Umechoma moja, Robert." Rodah alirudisha sufuria yake juu ya mafiga. "Ndugu yako alikuwa anapiga mbao mbili kwa kila picha. Wewe mwenyewe ulikuwa unashangaa mbona hizi picha ni nzito. Mbele alikuchorea ng'ombe na mashamba, ukasifu, ukaleta wageni kuziona. Nyuma alikuchora wewe."

Yunia aliacha kupigana. Uzito! Siku ya kwanza aliandika kwenye fomu kwamba mzee alizidisha mbao ili picha zisipinde. Aliandika hivyo mara thelathini.

"Zote?" Robert aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Mimi si mtu wa shule. Sikuhesabu. Mimi nilikuwa nashika taa tu."

"Ndiyo maana ulizitoa."

"Ndiyo maana nilizitoa. Hapa kwangu ungechoma moja moja mpaka ziishe. Huko kuna watu wa kufungua."

Robert aligeuka kuelekea stoo. Na kabla hajamaliza ngazi, honi ililia langoni.

Lori lilikuwa limewahi.

"Ogoti," Robert aliita. "Mwambie dereva picha zimelowa maji. Safari imeahirishwa. Nitawapigia simu mimi."

Ogoti alikwenda langoni. Yunia alimwona akisimama pale na mkono juu ya komeo, mgongo umeinama, muda mrefu kuliko inavyochukua kufungua lango. Kisha akayasukuma mabawa yote mawili mpaka mwisho. Akamwashiria dereva kwa mkono: njoo, njoo, rudi nyuma, rudi, mpaka lori likagusa ngazi za stoo. Akaingia ndani, akajitwisha kasha la kwanza peke yake.

Hakumtazama Robert hata mara moja.

Mambo yalikwenda upesi. Alishuka afisa wa makumbusho, dada mmoja mcheshi mwenye koti la njano, na wapakiaji wawili. Robert alikuwa tayari amevaa uso wake wa uenyekiti. Akawapa mikono, akawauliza za safari, akawaomba radhi kwa hali ya hewa. Yunia na wapakiaji walizifunga picha zilizobaki. Alipogonga mgongo wa kila moja kwa kidole, sauti ilirudi ya uwazi. Thelathini na nne: uwazi. Thelathini na tano: uwazi.

"Namba thelathini na moja haina ubao wa nyuma," alisema afisa.

"Umepata ajali," Yunia alijibu. "Nimeandika."

Na kweli alikuwa ameandika. Chini kabisa ya fomu, kwa herufi kubwa: KILA PICHA INA UBAO WA PILI. FUNGUENI ZOTE.

Afisa aliigeuza ile karatasi mbele ya Robert bila kuisoma. "Mwenyekiti, sahihi yako hapa tafadhali. Kwamba kamati imetukabidhi zote kwa hiari."

Robert aliisoma. Kalamu ilisimama hewani.

"Kuna shida, mzee?"

Dereva alikuwa akitazama. Wapakiaji walikuwa wakitazama. Majirani watatu waliokuja kuona lori walikuwa wakitazama kutoka kwenye ua wa michongoma.

"Hakuna shida," Robert alisema. Akatia sahihi.

Kasha la tano lilipopanda, Ogoti alipanda nalo. Dereva alimwambia ashuke. Ogoti akakaa kitako kati ya makasha, akakumbatia magoti. "Nimetengeneza hizi kasha," alisema. "Nitafika nazo." Afisa alicheka, akasema mwacheni mzee.

Lori likatoka, likamezwa na ukungu. Kwa muda taa zake mbili nyekundu zilionekana, kisha moja, kisha hakuna.

Robert alikuja akasimama karibu na Yunia, karibu sana, kama jamaa wanaoagana.

"Nairobi ni mbali, binti yangu. Na barabara ya Mau siku ya ukungu ina kona nyingi."

Akaingia kwenye gari lake. Hakuwasha taa. Akalifuata lori.

Yunia alikimbilia simu. Ya afisa haikupatikana. Akajaribu tena. Haikupatikana. Akaanza kukimbia kuelekea barabarani, na mkono mkavu, wenye nguvu kuliko alivyotarajia, ukamshika kifundo cha mkono.

"Wacha," Rodah alisema. "Kwa miguu utawafikia wapi? Afisa wako ataona simu yako. Ogoti ana macho. Wewe kaa, lakwet, mtoto wangu. Kuna kitu hizo picha hazisemi."

"Gogo, bibi yangu, gari lake liko nyuma yao!"

"Najua. Kaa."

Alimrudisha ndani ya stoo. Chumba kilikuwa kitupu sasa. Ukutani palibaki mistari ya vumbi mahali picha zilipoegemea miaka yote ile.

"Mzee wako alimshika baba yangu miguu," Yunia alisema. Machozi yalikuwa yamefika, na hasira nyuma yake. "Nimekula chakula chako siku tisa, gogo, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Robert alimwambia amtupe mto Kipsonoi. Meneja amesema, na dereva anaendesha. Akafika darajani. Akazima trekta. Akasikia mtu anakohoa."

Yunia aliacha kulia.

"Baba yako hakufa hiyo siku. Robert mpaka leo anadhani alikufa. Kipkemoi alimleta hapa. Hapa, hii stoo, pale umesimama. Wiki tatu. Nilimnywesha maziwa na kijiko, nikampaka asali kwa mgongo. Alikuwa analia usiku, na Kipkemoi anaimba kwa sauti ili majirani wasisikie."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Gogo, yuko wapi?"

"Sijui! Alipoweza kutembea, mtu alikuja kumchukua. Asubuhi sana, ukungu kama huu. Huyo mtu akanishika mkono, akaniapisha kwa Mungu: yeyote akiniuliza, hata damu yake mwenyewe, niseme Mochama alienda Migori. Nimeshika hilo neno miaka yote. Kipkemoi alishindwa, akachora. Mimi nilishika."

"Ni nani? Alikuwa mwanamume? Wa kiwandani?"

Rodah aliinua mkono, akamgusa Yunia shavuni kwa nyuma ya vidole.

"Siku ulishuka hapo langoni nilikujua kabla ya Robert. Si kwa paji la uso. Nilikuwa nimeshakubeba. Huyo mtu alikuja na wewe mgongoni, umelala. Alitaka mikono yote miwili ya kumshika mgonjwa, akakufungua kwa shuka, akanipa wewe nikushike mpaka kwa barabara."

Alishusha mkono.

"Alikuwa mama yako."